Aliyefunga Begi Hasemi

Skuli yetu ikisikia mgeni anakuja, huugua. Homa yake naijua tangu kidato cha kwanza. Mwalimu mkuu anaanza kutembea mikono nyuma, kama anatafuta kitu alichokiangusha. Mawe ya njiani yanapakwa chokaa, na mbuzi waliozoea kuyalalia wanarudi kwao na mistari myeupe ubavuni. Viti vizuri vinaazimwa kwa majirani. Mapazia ya nyumbani kwa mwalimu mkuu yanahamia afisini, na mkewe anakaa siku hizo mbili tatu madirisha wazi, njia nzima inamuona akikuna nazi. Sisi wanafunzi tunapangwa kwa urefu na kufundishwa kusema "ndiyo" kwa furaha.

Mara hii homa ilikuwa kali zaidi, kwa sababu mgeni alikuwa anakuja kuangalia kompyuta. Alikuwa bibi mmoja kutoka Unguja, na kazi yake ni kupita skuli za kisiwani kwetu akichagua mwanafunzi mmoja kila skuli, aende Unguja wakati wa likizo kufundishwa kuandika programu, kwenye kompyuta ambazo, tuliambiwa, vidude vyote vya kibodi vipo. Mmoja tu. Nafasi ile niliitaka mpaka nikaona haya kuiombea dua waziwazi. Niliipitisha kimoyomoyo, katikati ya dua za wagonjwa na wasafiri, nikitumai itapita nao.

Tatizo ni kwamba mimi si mtu wa kusema. Nikiitwa darasani nisimame, mwili husimama na sauti hubaki kitini. Nyumbani wanasema nina haya, na wanalisema kama sifa, kwa sababu mtoto wa kike mwenye haya hagombani na mtu. Mimi nagombana na watu wengi sana, ila nagombana nao kwenye daftari.

Chumba chetu cha kompyuta zamani kilikuwa ghala la karafuu, na harufu haijahama. Ukikaa humo kipindi kizima unatoka umepona jino. Kompyuta zenyewe zilitumika kwanza na watu wengine, pahali pengine, na walipochoka nazo wakatukumbuka. Ile ninayotumia mimi haina kidude cha nukta-mkato. Kwa mtu anayeandika barua hilo si kitu. Lakini katika lugha ya C karibu kila mstari unaishia kwa nukta-mkato, kwa hiyo mimi kila mstari naumalizia kwa kuchokoa tundu kwa ncha ya penseli. Nimeizoea. Wenzangu wanasema naandika kama mtu anayetoa funza.

Kazi tuliyopewa ilikuwa hii: andika programu ya C itakayofungua folda na kuonyesha vyote vilivyomo ndani. Folda yenyewe iliitwa MAONESHO, imo kwenye kompyuta zote, na ndiyo mgeni atakayoonyeshwa. Mwalimu wetu wa kompyuta, kijana aliyetoka chuo juzi na mwenye simu isiyompa nafasi ya kufundisha, alieleza somo kwa sentensi moja.

"Kufungua folda," akasema, "ni kama kupiga hodi. Andikeni."

Tukaandika. Darasa zima likaandika kwamba kufungua folda ni kama kupiga hodi, tukapigia mstari kwa rula. Naye akarudi kwenye simu yake. Hodi mimi nimepiga tangu nilipojua kutembea. Nilichotaka kujua ni kinachotokea baada ya kuambiwa karibu.

Jawabu nililipata ukumbini kwetu, kwenye begi la harusi ya dada yangu.

Kwetu, kabla ya harusi, upande wa bwana harusi huleta begi la vitu vya bibi harusi: nguo, viatu, manukato, sabuni, mpaka kitana. Begi linafunguliwa mbele ya wanawake wote, wa kwao na wa kwetu, na wasioalikwa. Wakwe wa dada ni watu wa Konde, wenye maduka, na walikuja na Ukonde wao wote: gari inapiga honi kutoka barabara kuu, wanawake wamevaa sare, na mbele yao bibi mmoja mnene mwenye sauti, ambaye hata kabla ya kukaa kitako alishaanza kutaja.

"Humu mna hariri, mna udi wa mawaridi, mna viatu vya Dubai, mna pasi ya mvuke, mna..."

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyewekwa kupokea. Alikuwa amekaa juu ya mkeka, mguu mmoja ameunyoosha kwa sababu ya goti. Akainua kiganja.

"Bibi wee, karibu tena. Kwetu Kengeja aliyefunga begi hasemi. Mkono ndio utakaosema."

Wanawake wa kwetu wakapiga vigelegele kwa ubaya. Shangazi akafungua zipu, akaingiza mkono, uso ameuelekeza kwetu na wala haangalii ndani. Hiyo ndiyo kanuni. Hupekui, huchagui, hutafuti cha kuanzia. Kinachogusa mkono kwanza ndicho kitakachotoka kwanza, kiwe cha fahari au cha aibu. Bibi wa Konde alikuwa ameipanga hariri juu kabisa, lakini gari ilikuwa imepita kwenye mashimo yetu, na mashimo ya kwetu hayajui mpangilio wa mtu.

Kitu cha kwanza kutoka kilikuwa kiatu. Kimoja.

"Hee!" akasema shangazi, amekiinua juu ukumbi mzima ukione. "Kiatu kimoja! Jamani, nani kawaambia mwana wetu ana mguu mmoja?"

"Kingine kimo! Kingine kimo!" bibi wa Konde akapiga kelele.

"Kimo, au kilisemwa?"

Tulicheka mpaka bibi mmoja aliyekuwa karibu na mlango akatolewa nje kupigwa upepo. Kisha ikaja sabuni. Kisha kitambaa cha hariri, kizuri, wallahi, shangazi mwenyewe alikipapasa kabla ya kukiweka. Kisha gauni la kulalia jembamba kama ngozi ya kitunguu, na sisi wasichana tukaambiwa tuangalie pembeni, na pembeni palikuwa na kioo cha kabati. Kila kitu kinatoka peke yake, kinatajwa, kinawekwa kando, mkono unarudi ndani. Kiatu cha pili kilitokea karibu na mwisho, kimepakatwa na kitana. Na chini kabisa shangazi akatoa kitu kidogo, akakigeuza geuza.

"Na biskuti," akasema. "Imeng'atwa."

"Hiyo haimo!" bibi wa Konde akaruka. "Wallahi hiyo haimo humu!"

"Haimo mdomoni mwako. Begini imo."

Akaiweka juu ya hariri, katika mstari na vitu vingine, na hakuna aliyethubutu kuiondoa. Akarudisha mkono. Ukatoka mtupu. Akatuonyesha kiganja, akaligeuza begi juu chini na kulitikisa, kisha akalifunga zipu mpaka mwisho. Pasi ya mvuke haikutokea. Bibi wa Konde akasema iko njiani, na kwa habari nilizonazo bado iko njiani mpaka leo.

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na sinia ya visheti, na nilikuwa nimeganda. Nilikuwa nimefahamu.

Siku ya pili yake skuli nilikaa na penseli yangu nikaandika programu kama shangazi alivyofungua begi. Opendir ni zipu. Ikikataa kufunguka, unasema imekataa na unaondoka na heshima yako. Halafu readdir ni mkono: kila ukiiita inakupa kitu kimoja, chochote kilichogusa, hujui ni kipi na hujui vimebaki vingapi. Hupangi. Unalichapisha jina lake kwenye skrini, unaita tena. Unaita, unaita, mpaka irudi na NULL, yaani kiganja kitupu, na hapo ndipo unapojua umemaliza. Si kabla. Mwisho closedir, zipu mpaka mwisho. Hii ya mwisho niliisahau mara ya kwanza. Nikaiweka programu iifungue folda tena na tena ili nione kama inachoka, ikafungua ikafungua bila kufunga hata mara moja, mpaka mashine ikakataa kunifungulia chochote. Nilistahili. Shangazi angenipa kofi.

Ilipokaa sawa nikaipeleka kwenye folda ya MAONESHO, na vitu vikaanza kutoka. Havikuwa vya mpangilio. Ilitoka picha ya mti wa mkarafuu. Ikatoka nukta moja, peke yake. Ikatoka kazi ya jiografia ya mtu. Zikatoka nukta mbili. Nilizitafuta kwenye kitabu nikakuta ndivyo ilivyo: nukta moja ni folda hii hii yenyewe, nukta mbili ni ile iliyoizaa, na zote zimo ndani upende usipende. Kisha zikatoka faili ambazo bila shaka hakuna aliyetaka zitoke: "risala ya mwisho", "risala ya mwisho kabisa", "risala ya mwisho kabisa sasa", na mkanda wa harusi ya karani wa skuli, sehemu ya kwanza na ya tatu.

Nikampelekea mwalimu aione. Akaangalia skrini kama mtu aliyeletewa chai ina nzi.

"Nukta hizi ni nini?"

"Zimo, mwalimu," nikasema, kwa sauti ya kuongea na sisimizi.

"Zitoe. Zinachafua. Na hii harusi, na hizi risala? Mbona mwenzako yake safi?"

Mwenzangu ni kaka mkuu wa skuli. Ana sauti ya kusomea maulidi na mabega ya kubeba sifa, na akisimama kuomba ruhusa ya kwenda chooni watu wanakaribia kuitikia amina. Nikajipitisha nyuma ya kiti chake. Skrini yake kweli ilikuwa nzuri. Majina yote yamepangwa kwa alfabeti, pembeni pana nyota nyota kama pambo la kitambaa cha meza, na juu imeandikwa kwa herufi kubwa KARIBU MGENI WETU MPENDWA. Kisha akafungua programu yenyewe aongeze nyota, nami nikaona. Hakukuwa na opendir. Hakukuwa na readdir. Alikuwa ameandika yale majina kwa mkono wake, mstari kwa mstari, kila mmoja ndani ya printf, amri ya kuchapisha unachoiambia tu. Programu yake ilikuwa haijawahi kuigusa ile folda. Ilikuwa inasimulia tu.

"Hukuifungua," nikasema.

"Niifungue ya nini?" akasema bila kugeuka. "Navijua vilivyomo."

"Na vikibadilika?"

"Yakhe, nani avibadilishe? Wageni wanaangalia. Hawagusi."

Na hapo lazima niseme kweli, alikuwa anaijua skuli yetu kuliko mimi. Mapazia yale nani aliyagusa? Viti vile vya kuazima, kuna mgeni aliyewahi kuuliza vya nani? Skuli nzima ilikuwa programu ya kaka mkuu. Tulikuwa tunachapishwa.

Nilikwenda kusimama mlangoni kwa mwalimu wa kompyuta. Nilisimama mpaka akaona kivuli.

"Sema."

"Kaka mkuu, mwalimu... yake haisomi."

Akashusha simu, na kwa mara ya kwanza akaniangalia kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko ukali.

"Najua," akasema. "Lakini yule ana sauti. Weye ukiulizwa jina lako unakwenda kulitafuta. Mgeni hatoki Unguja kuja kuangalia nukta. Utaonyesha na weye, baada yake, ili tuonekane tunajali watoto wa kike. Haya, nenda."

Nikaenda. Siku ile niligombana na kurasa nyingi.

Mgeni alikuja asubuhi, mwanamke mwembamba mwenye miwani na viatu vya kutembelea, ambaye alipoteremka garini alilikanyaga jiwe la chokaa na kuondoka na wayo mweupe. Alisalimia kila mtu. Kila tukijibu, alikuwa anacheka kidogo na kurudia maneno yetu, "Ati weye, ati miye," kwa lafudhi ya kuigiza, kama watu wa Unguja wote wafanyavyo wakija kwetu, utasema tumezungumza hivyo kwa ajili ya kuwafurahisha. Mwalimu mkuu akacheka naye. Mwalimu mkuu angecheka hata angeambiwa ana mkia. Akasoma risala. Kwa urefu wake ilikuwa ile ya mwisho kabisa sasa.

Nyuma ya chumba cha kompyuta akina mama wa kamati ya skuli walikuwa wanapika pweza wa nazi kwa ajili yake, na harufu ilikuwa imeishinda hata karafuu. Mgeni alikuwa ananusa kwa adabu.

Kaka mkuu akaanza. Alisimama kando ya mashine kama anazindua meli. "Mgeni wetu mpendwa, programu hii, kwa rehema zake Mola, itaingia ndani ya folda na kutuletea kila kilichomo, kikubwa na kidogo." Akabonyeza. Nyota zikawaka, majina yakashuka kwa foleni, moja chini ya jingine, yamechanwa nywele. Makofi yakalipuka. Mwalimu mkuu alipiga makofi mikono ikiwa juu ya kichwa.

"Mashaallah," akasema mgeni. "Na mwengine?"

Mwengine nilikuwa mimi. Nilikwenda kwenye mashine yangu, nikabonyeza, nikarudi nyuma hatua moja. Vitu vikatoka ovyo kama ilivyo desturi yao. Mkarafuu. Nukta. Jiografia. Nukta mbili. Risala, risala, risala. Harusi sehemu ya kwanza. Nyuma yangu mtu alicheka puani. Karani akatoka nje.

Mgeni akavua miwani, akaivaa. Akaangalia skrini ya kaka mkuu, akaangalia yangu.

"Folda ni ile ile?"

"Ni ile ile, bibi," mwalimu mkuu akawahi.

"Folda moja, na hadithi mbili. Basi ipi ya kweli?"

Kaka mkuu akaangalia dari. Mwalimu wa kompyuta akakohoa, akasogea mbele, akasema kwa upole, "Ya huyu binti ina kasoro kidogo, bibi. Ni mwanafunzi mzuri lakini bado anajifunza. Tulimwambia azitoe hizo nukta."

Mgeni akanigeukia. "Ni kweli ina kasoro?"

Niliiona likizo yangu ikiondoka. Niliiona inapanda boti Mkoani, imekaa dirishani, inanipungia mkono. Nikafungua mdomo na kama kawaida hakikutoka kitu. Mwalimu mkuu alishaanza kusema, "Huyu ana haya, bibi, watoto wetu wa kike," na ndipo, sijui kutoka wapi, ikatoka sauti, na haikuwa hata yangu. Ilikuwa ya mwanamke mzima aliyenyoosha mguu juu ya mkeka.

"Aliyefunga begi hasemi."

Kila mtu akaniangalia. Mimi mwenyewe ningejiangalia kama ningeweza.

"Umesema nini, mwanangu?" mgeni akauliza. Safari hii hakuigiza.

"Kwetu begi la harusi..." Nikakwama. Nikaanza tena. "Aliyelileta hataji vilivyomo. Mkono ndio unaotaja. Tia kitu humo ndani, bibi. Chako mwenyewe. Usituambie. Halafu tusome tena sote wawili."

Kaka mkuu aliniangalia kwa macho ya mtu aliyevuliwa kofia. Wageni hawagusi! Lakini huyu akavuta kiti na kukaa. Akatuambia tugeuke ukutani, nasi tukageuka, skuli nzima, na mwalimu mkuu naye, tukaangalia ukuta wa ghala. Nilisikia herufi zikibonyezwa, kwanza kwenye mashine moja, kisha kwenye ya pili. Kisha akasema, "Haya."

Kaka mkuu akabonyeza wa kwanza. Nyota zikawaka. Mgeni wetu mpendwa akakaribishwa. Foleni ikashuka kama ilivyoshuka mwanzo, herufi kwa herufi, haina kitu kipya, imechanwa nywele vile vile.

Nikabonyeza mimi. Mkarafuu. Nukta. Jiografia. Na hapo, katikati ya jiografia na nukta mbili, hakina hata haya, kikatoka kitu kilichoandikwa:

pweza

Wanafunzi wa nyuma ndio walioanza kucheka, na kicheko kikapita dirishani mpaka kwa akina mama wa kamati, na mmoja akaita, "Bado hajaiva, mwambieni bibi asubiri!" Mgeni akacheka mpaka miwani ikateleza. Mwalimu mkuu, ambaye alikuwa hajajua ni wapi pa kuchekea, akasema kwa uzito mkubwa, "Bibi, ile mashine ya kijana iko karibu na dirisha. Inapigwa na jua."

Mgeni akamgeukia kaka mkuu, akamuuliza kwa sauti ndogo, "Folda uliifungua wapi humu, mwanangu?"

Nilidhani atatoa hotuba. Akainamisha kichwa. "Sikuifungua, bibi," akasema. Nilimpenda kidogo hapo, si sana.

Kisha mgeni akaniuliza kama nitakwenda Unguja. Nikatikisa kichwa kukubali.

"Sisikii."

"Nitakwenda," nikasema. Ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, kama mtu anayeita kuku.

Msidhani skuli ilishindwa. Skuli yetu haishindwi. Neno la shukrani lilitolewa na kaka mkuu, kwa niaba yangu, kwa sababu mimi nina haya, na alilitoa vizuri mno. Alisema "programu yetu." Alisema "tulipoamua kuziacha nukta." Mwalimu wa kompyuta akaongeza kwamba yeye tangu mwanzo alitufundisha kuwa kufungua folda ni kama kupiga hodi. Mgeni akala pweza. Mapazia yakarudi kwa wenyewe kabla gari yake haijafika barabara kuu.

Nyumbani kulibaki baba. Baba alisema Unguja ni mbali kwa mtoto wa kike, na kwamba kompyuta haikimbii. Alisema hivyo mara nyingi, akizunguka zunguka uwani. Shangazi alikuwa kibarazani anachambua mchele, akamwacha azunguke mpaka achoke.

"Na Konde nako kulikuwa mbali," akasema, hakuinua macho. "Mwana umempeleka, kwa begi lenye biskuti iliyong'atwa. Huyu begi lake analifunga mwenyewe. Unaogopa nini?"

Baba akaingia ndani. Kwetu hiyo ndiyo ruhusa.

Nilikwenda, nikasoma, nikarudi. Vidude vya kibodi vilikuwepo vyote, na wiki nzima ya mwanzo vidole vyangu vilikuwa vinaitafuta penseli. Sitaandika hapa niliyojifunza kwa sababu hakuna anayeuliza. Wanachouliza wote ni kama nilikula vizuri.

Skuli bado inaugua. Wiki iliyopita walikuja wageni wengine, chokaa ikatoka, mbuzi wakapita, na chumba cha kompyuta kikafunguliwa. Walionyeshwa programu ya kaka mkuu. Ile yangu, mwalimu mkuu aliniambia kwa wema, ni ya watu wanaofahamu, na wageni wa kawaida itawachanganya na risala. Nikasema ndiyo, kwa furaha, kama nilivyofundishwa. Nyota zikawaka, makofi yakapigwa.

Walipoondoka kaka mkuu alibaki nyuma. Akavuta kiti karibu na changu, akaangalia mlango kama kuna mtu.

"Ati weye," akasema, "ule mkono unauingiza vipi?"

Nikampa penseli aanze na nukta-mkato. Alipoifikisha mwisho programu yake mpya akabonyeza, na vitu vikaanza kutoka ovyo, kimoja kimoja, mkarafuu, nukta, jiografia. Pweza bado yumo. Hakuna aliyethubutu kumfuta, kwa kuwa aliwekwa na mgeni. Kwenye ile programu ya nyota hayumo.